Muulize Mjomba: Dadu ya simu inaniibia?

*Mjomba, shikamoo. Nina kesi. Kila usiku nacheza Ludo ya simu na wenzangu watatu wa kazini. Jumanne nimerusha dadu mara kumi bila kuona sita, kete zangu nne zimetulia nyumbani kama mayai yaliyogoma kuanguliwa. Mwenzangu mmoja kapata sita mbili papo hapo, kete zake zikatoka kama zimeitwa. Wao wanacheka, mimi nasema programu ina upendeleo. Nina haki, au nimenuna bure?*
*Mwenye Kete Nyumbani*

Marahaba, mwanangu. Kabla hujaifuta hiyo programu, shika kalamu tuhesabu.

Ukirusha dadu mara moja, nafasi ya kuikosa sita ni tano kwa sita. Kuikosa mara kumi mfululizo, unazidisha tano kwa sita kwa yenyewe mara kumi, unapata kama 16 katika 100. Hiyo ni ya mtu mmoja. Lakini nyinyi mko wanne na kila mmoja anaisubiri sita yake. Ukipiga hesabu ya wote, uwezekano kwamba angalau mmoja wenu atamaliza mirusho yake kumi ya mwanzo mikono mitupu ni karibu nusu kwa nusu. Yaani katika kila michezo miwili, mmoja una mtu wa kununa. Jumanne ilikuangukia wewe.

Najua hesabu haimpozi mtu aliyekasirika. Mimi haikunipoza. Miaka michache nyuma niliapa kwamba dadu ya simu yangu inanichukia, nikanunua daftari dogo la kurasa za mistari, nikawa naandika kila mrusho wangu mwenyewe, si wa mtu mwingine. Nilifika mirusho 360. Kwa haki, kila namba ingekuja kama mara 60. Moja ilikuja mara 54, mbili 66, tatu 61, nne 58, tano 49. Sita, ile niliyoilalamikia nyumba nzima, ilikuja mara 72. Ndiyo iliyoongoza! Sikumwonyesha mtu lile daftari kwa wiki mbili.

Kilichonidanganya ni kumbukumbu. Sita iliyokuja nilipoihitaji niliiona ni haki yangu nikaisahau. Ile iliyokataa nililala nayo. Halafu kuna mwendo. Mezani dadu inaanguka chini ya kochi, mtu anainama kuitafuta, mwingine anadai haikulala sawa, mnarusha upya, saa nzima inakwisha mmemaliza mchezo mmoja. Kwenye simu mnamaliza mitatu. Anayerusha mara nyingi zaidi hukutana na maajabu mengi zaidi, ya heri na ya shari, na la shari ndilo analolisimulia kesho yake kazini.

Tena usidhani ile dadu ya mfupa au plastiki ni malaika. Mwanasayansi Mwingereza Raphael Weldon, mwaka 1894, alirekodi mirusho 26,306 ya dadu 12 kwa mpigo. Tano na sita zilikuja zaidi ya theluthi inayostahili, kidogo tu, lakini kwa mirusho mingi kiasi hicho hata kidogo hakifichiki. Sababu inayotajwa sana ni vile vishimo vya nukta: upande wa sita umechimbwa mara sita, upande wa moja unaotazamana nao umechimbwa mara moja, basi ule wa sita ni mwepesi na hupenda kukaa juu. Dadu ya simu haina vishimo. Ni kanuni ya hesabu inayotema namba, na kwenye michezo ya kucheza na watu wengine mara nyingi namba inatemwa na seva, yaani kompyuta kuu ya mchezo, huko iliko. Simu yako inachora tu picha ya dadu inayobiringika. Ule mtikisiko wa kidole unaoufanya kabla ya kubofya, nami naufanya, haufiki popote.

Sasa nikuachie upenyo wa kulalamika, maana hukuandika bure. Kama programu hiyo inakuuzia vito, nyota au mirusho ya ziada, na haikuonyeshi popote hesabu ya dadu zilizotoka, siwezi kuitetea. Tafuta inayotoa takwimu baada ya mchezo. Zipo. Au fanya kama mimi, nunua daftari, uandike mirusho 360 bila kuruka hata mmoja. Wahenga walisema asiyekubali kushindwa si mshindani; mimi naongeza kwamba kukubali ni rahisi zaidi ukiwa na karatasi mkononi.

*

*Mjomba, tuko ndugu watatu. Tulikua tukigombania ubao mmoja, sasa kila mmoja yuko nchi yake. Kaka anataka tucheze papo kwa papo kila Jumamosi. Dada anafanya kazi za zamu, Jumamosi yake mara nyingine ni usiku wa manane. Mimi napenda Catan, kwa sababu ya kubembelezana kubadilishana mali. Tuanzie wapi?*
*Kitinda Mimba*

Anza na namna ya kuketi, mchezo uchague baadaye. Kuna kukaa pamoja saa ileile, na kuna kila mtu kucheza zamu yake akipata nafasi, ubao ukawa unamsubiri. Watu huchukua mchezo wanaoupenda wakaulazimisha kwenye namna isiyoufaa, wakishachoka wanasema michezo ya mtandaoni haina ladha.

Catan, mchezo wa kubadilishana mali kama kondoo na tofali ili ujenge, ni mfano mzuri wa kuharibikiwa. Mezani unasema, "Nani ana kondoo? Natoa tofali." Kaka anasema hana, uso unasema anaye, dada anacheka, biashara imefanyika au imekufa ndani ya sekunde kumi. Uweke mchezo huohuo kwa zamu za kusubiriana: umetoa ombi asubuhi, kaka kalikataa mchana, dada kaliona usiku akitoka kazini na kakuletea ombi lake, wewe umelala. Kondoo mmoja siku nzima. Catan ichezeni siku mkipatana saa, na mpigiane simu pembeni, sauti zenu zisikike. Msitegemee kale kadirisha ka maandishi ka ndani ya mchezo. Kumbembeleza kaka kwa maandishi ni kama kumkuna mtu juu ya koti.

Kwa siku za kawaida, chukueni mchezo ambao zamu ya mtu inaanza na kuisha mikononi mwake mwenyewe. Ticket to Ride unafaa. Carcassonne, wa kuunganisha vigae kuwa ramani ya miji na barabara na kusimamisha watu wako juu yake, unafaa zaidi. Una vigae 72, kimoja kinalala mezani mwanzoni, vinabaki 71 vya kuvuta. Mkiwa watatu na kila mmoja akacheza zamu moja kwa siku, mtamaliza siku ya 24 mchezo ambao mezani hauzidi saa. Mnaweza kufungua miwili au mitatu kwa pamoja ili mtu asikae bila kazi, ila hapo jihadhari: kufika siku ya kumi utautazama ubao usikumbuke kwa nini yule mtu wako mwekundu umemsimamisha kwenye ule mji mbovu. Mimi huandika nyuma ya bahasha kuukuu sentensi moja kila nikicheza: "Nasubiri kona ya barabara, usimruhusu wa bluu kuingia kaskazini." Kesho yake nasoma barua yangu mwenyewe kama jemadari aliyepigwa kichwani.

Mahali pa kuchezea, msihangaike. Board Game Arena ipo tangu 2010, inafunguka kwenye kivinjari cha kompyuta au simu, haihitaji kusakinisha kitu, na inazisimamia kanuni yenyewe. Michezo mingine humo ni ya kulipia, ila mmoja wenu akiwa mwanachama anayelipa, yeye ndiye afungue meza awaalike wawili waliobaki, nao wasilipe. Mwachieni kaka, si ndiye mwenye haraka.

Kitu kimoja mkiwekee sheria mapema: muda. Meza za zamu nazo zina saa inayohesabu, inaenda polepole lakini inaenda. Niliwahi kuongoza mchezo wa watu wanne kwa pointi thelathini na kitu, nikaenda msibani siku nne bila kugusa simu, nilivyorudi nilikuta nimetolewa mezani na aliyekuwa wa mwisho ametangazwa wa tatu. Chagueni muda mrefu kuliko mnavyodhani mnahitaji, kwa ajili ya dada yenu mwenye zamu za usiku.

Wala msione mnafanya kitu cha ajabu. Mwaka 1965 Bobby Fischer, mchezaji maarufu wa sataranji wa Marekani, alialikwa kwenye mashindano ya sataranji mjini Havana, serikali yake ya Marekani ikamnyima ruhusa ya kwenda Cuba. Akabaki New York, kwenye klabu ya Marshall, akacheza michezo 21 kwa hatua zilizopelekwa na kurudishwa kwa teleksi, mashine ya kutuma maandishi kwa waya, wapinzani wake wako Havana mbele ya ubao wenye kiti kisicho na Fischer. Michezo ilivutika masaa kwa masaa. Aligawana nafasi ya pili, nyuma ya Vasily Smyslov. Nyinyi simu zenu zinafikisha kigae kabla hamjapepesa jicho. Kilichobaki ni dada aamke.

*

*Mjomba, shikamoo. Mwanangu wa miaka tisa anatushinda sote Carcassonne kwenye kishikwambi. Bibi yake akafurahi akamnunulia sanduku lenyewe la vigae. Tumelifungua, mtoto kaduwaa. Hajui pa kuanzia, hajui pointi zinahesabiwaje, robo saa haikuisha akaomba kishikwambi chake. Bibi kanuna. Je, kishikwambi kimemharibu mtoto?*
*Mama Mwenye Sanduku*

Marahaba, mama. Hakijamharibu. Kimemfanyia kazi zake zote, na leo ndiyo mara ya kwanza ameambiwa afanye mwenyewe. Nayajua haya kwa sababu yalinikuta nikiwa na mvi.

Mchezo huohuo nilikuwa nimeucheza kwenye simu zaidi ya mara mia. Nikaenda kumtembelea shemeji, wakatoa sanduku, nami nikajipiga kifua kwamba leo mtanitambua. Nikavuta kigae changu cha kwanza, nikakishika kiganjani. Nikasubiri. Unajua nilikuwa nasubiri nini? Ziwake zile sehemu. Kwenye simu kigae kikija, sehemu zote kinapoweza kukaa zinang'aa. Unagusa moja, kinajigeuza, kinatulia. Mezani ni kipande cha kadibodi chenye pande nne, na ukingo wote wa ramani ni wako kuukagua: barabara ikutane na barabara, ukuta wa mji ukutane na ukuta, majani kwa majani. Nikakizungusha mara moja, mara mbili, nikakiweka. Binti wa shemeji, wa miaka kumi na miwili, hakusema neno. Alinyoosha kidole kimoja akakisukuma kigae kikanirudia. Barabara yangu ilikuwa imegonga ukuta.

Hiyo ilikuwa aibu ndogo. Kubwa ilikuja mwishoni. Katika Carcassonne unaweza kumlaza mtu wako chali kwenye majani akawa mkulima, na hainuki tena mpaka mchezo uishe. Kwa muda wote ule wa kucheza na simu nilikuwa naona, mchezo ukifungwa, namba kubwa zinaruka kutoka kwenye mashamba zinaingia kwenye jumla ya mtu. Nilizipenda sana zile namba. Sikuwahi kujiuliza zimetoka wapi. Kwa hiyo kwa shemeji nikalaza wakulima wawili penye majani mapana yenye hewa, kama mtu anayetafuta mahali pa kulala mchana. Wakati wa kuhesabu yule binti akaniuliza, "Mjomba, shamba lako linagusa miji mingapi iliyokamilika?" Kumbe mkulima halipwi kwa ukubwa wa shamba. Analipwa pointi tatu kwa kila mji uliofungwa ukuta wake na kugusana na shamba lake. Mashamba yangu mawili hayakugusa hata mmoja. Michezo mia na zaidi, na kanuni hiyo nikafundishwa na mtoto wa darasa la sita.

Kwa hiyo usimnyang'anye mwanao kishikwambi. Mrudishie kazi, moja moja. Ingia kwenye mipangilio ya programu, kama inaruhusu kuzima ule mwanga wa kuonyesha sehemu, uzime. Kisha ufanye wanachofanya wachezaji wengi wa sataranji wanaojifunza: ubao halisi mezani, kifaa pembeni. Kishikwambi kiwe mpinzani, na kila kigae kinachotokea kwenye kioo mtoto akitafute kwenye rundo akiweke kwa mkono wake pale pale. Ni polepole, na siku mbili za mwanzo atalalamika. Mvumilie.

Siku mkicheza familia nzima, mpe cheo: yeye ndiye karani wa pointi. Ule ubao mdogo wa kuhesabia una nafasi 50, mtu akizimaliza anaanza kuzunguka upya, na karani lazima akumbuke nani ameshazunguka. Mtoto wa miaka tisa akipewa mamlaka ya kumwambia bibi yake "hizo ni nne, si sita," hataomba kishikwambi.

Na bibi mwambie asinune. Kishikwambi kimempa mjukuu wake kitu ambacho sisi wa mezani tulichukua miaka kukipata: amecheza mara nyingi mno hata macho yake yanajua mji upi hautafungika. Akishapata na mikono, jiandaeni kushindwa pande zote mbili.

Kwa haki niseme pia kuna michezo ambayo mimi siirudishi mezani ng'o. Terraforming Mars, kwa mfano. Kila mchezaji ana kadi mbele yake iliyojaa vijiwe vidogo vya kuonyesha mali na mapato yake, kwenye karatasi yenye utelezi. Mkono mmoja wa shati ukipita, umefilisika au umetajirika na hakuna shahidi. Kwenye kompyuta vijiwe vile havitikisiki, nami nafikiria mchezo badala ya kufikiria mikono ya mashati.

*

*Mjomba, nimesikia kompyuta imeshaimaliza drafti, kwamba hakuna tena siri. Mimi na rafiki yangu tunaicheza kwenye simu kila tukiwa na nafasi. Tunapoteza muda?*
*Kete Nyeusi*

Ulichosikia ni kweli. Mwaka 2007 Jonathan Schaeffer na wenzake wa Chuo Kikuu cha Alberta, Canada, walitangaza kwamba drafti ya miraba 64, ile ya kanuni za Kiingereza, imetatuliwa: pande zote mbili zikicheza bila kosa, ni sare. Kompyuta zilianza kuisaga kazi hiyo 1989. Hali zinazoweza kutokea kwenye ule ubao ni tano ikifuatwa na sifuri ishirini.

Lakini soma tena hayo maneno, "bila kosa". Rafiki yako ameshawahi kucheza mchezo mzima bila kosa? Wewe je? Binadamu aliyekaribia alikuwa Marion Tinsley, bingwa aliyeshindwa michezo michache mno katika maisha yake. Mwaka 1994 alikaa mbele ya Chinook, programu ya huyo huyo Schaeffer, wakatoka sare michezo sita, kisha akajiondoa kwa maradhi. Endeleeni. Ila kitufe cha kuiomba simu ushauri kifunikeni kwa kidole.

*

*Mjomba, swali fupi. Kuna programu inayoniruhusu kupindua meza nikishindwa?*
*Nisiyetaka Kutajwa*

Ipo. Inaitwa Tabletop Simulator, ilitoka rasmi 2015. Yenyewe haisimamii kanuni za mchezo wowote; inakupa meza, kete, karata na dadu zenye uzito wake, mengine mnapatana wenyewe, na kweli imewekewa uwezo wa kupindua meza vitu vyote vikaruka. Nilijaribu mara moja katika sataranji. Zilirukaruka vizuri sana, farasi mmoja akatoweka kabisa kwenye upeo wa macho. Mpinzani wangu hakusema kitu. Programu hiyo pia ina namna ya kurudisha muda nyuma, naye ndiye aliyekuwa mwenye meza. Akabofya, kila kete ikarudi mahali pake, nami bado nilikuwa nimebakiwa na mfalme na kitunda kimoja, na ilikuwa zamu yangu.